Fungu la Bibi Reem

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Jumana wakati mama yake, Nasriya, akifungua bakuli la pili la halwa. Nyumba yao ya Ghubra, mjini Maskati, ilikuwa imejaa wageni tangu alasiri. Majirani walikuja, mashangazi walikuja, na wale wanawake wa Kiunguja ambao hawakosi penye shughuli walifika mapema kuliko wote, kila mmoja na sufuria yake ya biriani au mkate wake wa kumimina. Sababu ilikuwa moja: Jumana, baada ya miaka mitatu ya kuzunguka na bahasha ya vyeti vya kemia, alikuwa amepata kazi ya maabara katika kiwanda kipya cha kusafisha maji ya bahari. Jumapili, siku wanayoanza wiki ya kazi huko, angeanza.

Aliusoma ujumbe mara moja, akausoma tena, akakaa chini. Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

"Kafa nani?" akauliza Bi Khole kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. Huyu alikuwa bibi yake Jumana, mama wa baba, na masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya wote mle ndani.

"Hakufa mtu, bibi."

"Basi mbona mmenyamaza kama mko matangani? Semeni. Mie nna miaka themanini na nne, sina wakati wa kubahatisha."

Jumana akasoma kwa sauti. Uteuzi wake umesimamishwa, na anatakiwa katika siku kumi na nne alete barua ya kuthibitisha kwamba yeye kweli ni mtu wa kabila la Bani Zarhan.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kampuni iliyojenga kiwanda ilichukua ardhi ya Bani Zarhan kwenye ghuba ya Sarim, mbele ya Qantab, na katika mapatano ikakubali kuwatengea nafasi sita za kazi. Jumana alikuwa Al-Zarhani kwenye kitambulisho, Al-Zarhani kwenye pasipoti, na kwenye mtihani wa kazi alikuwa wa kwanza. Sasa kamati ya kabila imepeleka malalamiko kwamba jina hilo si lake.

"Hao watu wa kamati hawajui kusoma?" Nasriya akaja juu, kijiko cha halwa mkononi. "Hilo Zarhani limeandikwa kwa wino gani wasiouona?"

Mahfoudh, baba yake Jumana, karani wa shule aliyestaafu, mtu mpole wa kuwapisha wenzake milangoni, alikuwa amesimama ukumbini na birika la chai. Bi Khole akamtazama, naye akainamisha macho. Wageni wakala, kwa sababu chakula kilikuwa kimeshapakuliwa, na Bi Khole akaamuru nyimbo ziendelee.

"Kazi kashaipata," alisema. "Hao wanaongeza maneno tu."

Siku ya pili yake Mahfoudh alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akafunga kilemba, akaenda kwenye sabla, ukumbi ambamo watu wa kabila hukutana. Aliketi karibu na wazee. Kijana mmoja akamwinamia kwa adabu: "Ami, hapo panakaa wakubwa." Akasogea. Kijana akarudi: "Na hapo pia, samahani." Akasogea tena, mpaka akajikuta ubavuni mwa viatu vilivyovuliwa mlangoni. Kahawa ilipotolewa, kikombe kilizunguka ukumbi mzima, kikamfikia mtu wa kabla yake, na mtoaji kahawa akageuka. Labda birika lilikuwa limekwisha. Mahfoudh aliamua kwamba limekwisha.

Katibu wa kamati aliitwa Hamood, mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa. Mwanawe, Taimur, alikuwa wa saba kwenye mtihani ule ule, na nafasi zilikuwa sita. Hakuna aliyelitaja hilo.

"Ndugu yetu Mahfoudh," Hamood alisema mbele ya watu wote, "barua si shida. Tutajie tu baba zako."

"Mahfoudh bin Saeed."

"Bin?"

"Bin Mbarouk."

"Bin?"

Mahfoudh akavitazama vile viatu vya mlangoni. Alijua kwamba baada ya hapo hakuna kitu.

"Katika mti wetu hakuna Mbarouk aliyekwenda Zanzibar," Hamood akasema. "Nimetafuta, wallahi nimetafuta."

Mtu wa upande wa pili akadakia, nusu mzaha: "Watu wa Zanzibar walirudi na majina kama walivyorudi na masanduku, kila mtu na alilolibeba." Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya sana, na Mahfoudh kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alijikuta anatabasamu. Akaaga. Viatu vyake havikuwa mbali.

Jioni hiyo aliwakusanya jikoni mkewe, binti yake na mama yake, akafunga mlango kana kwamba Hamood yuko sebuleni.

"Jumana, mwanangu, kuna jambo sikukwambia. Babu yako Saeed hakuwa Mzarhani kwa baba. Alikuwa Mzarhani kwa mama."

Akaeleza, pole pole, kama mtu anayetoa mwiba. Reem bint Yaqdhan, binti wa Bani Zarhan, alipelekwa Unguja na kaka yake akiwa msichana. Huko akaolewa na Mbarouk, Mmanga mgeni, Mwarabu wa Omani aliyekuwa ndiyo kwanza ateremke jahazini. Mbarouk akafa kwa homa mtoto hajaanza kutambaa, na kumbe hakuna aliyepata kumuuliza yeye ni wa kabila gani. Umanga wake haukuwa na shaka. Kabila ndilo aliloondoka nalo. Mtoto akalelewa kwa wajomba, akaitwa kwa jina la wajomba, na waliporudi Maskati miaka ya sabini, karani alipomuuliza jina, Saeed akajibu aliloitwa tangu utotoni.

Jumana akavuta kiti. "Kwa hiyo mie Mzarhani wa upande wa kike."

"Sema pole pole!"

"Baba, mlango umefunga, dirisha umefunga. Atanisikia nani, friji?"

Nasriya akacheka, akajikaza, akacheka tena. Mahfoudh hakucheka. "Haya ni mambo ya kutia doa. Una ndugu zako hawajaoa. Kesho mmoja wao akienda kuposa ataulizwa haya haya. Tuache, mwanangu. Kazi nyingine zipo."

"Zipo wapi? Nimezitafuta miaka mitatu, hazijaniambia zinakaa wapi."

Bi Khole alikuwa akimenya vitunguu thomu, hakuwa ameinua kichwa. Sasa akakiweka kisu chini.

"Niliishi nyumba moja na Reem miaka kumi na mmoja," alisema. "Mkwe mkali, Mungu amrehemu. Mchele kanirudishia mara ngapi, ati haujachambuka. Lakini aibu ya kuwa mama wa Saeed sikupata kumwona nayo hata siku moja. Nyinyi mmeitoa wapi?"

Jumana akasema, "Naenda mahakamani," na Mahfoudh, aliyekuwa amefungua kinywa, akakifunga.

Wakili waliyempata aliitwa Khulood, mwanamke wa miaka thelathini na mbili, ofisi yake iko juu ya duka la miwani hapo hapo Ghubra. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika kidogo, akatoa ushauri. "Tusimame kwenye kitambulisho. Kampuni haina kazi ya kuchimba nasaba za watu. Habari ya Bibi Reem tusiifungue sisi." Mahfoudh akapumua kwa mara ya kwanza katika wiki nzima.

Pumzi ile haikudumu. Kesi ilipoanza, habari ile Hamood na kamati yake waliifungua wenyewe. Wakili wao alipeleka mahakamani hati ya zamani, na akaomba Bi Khole asikilizwe, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliye hai miongoni mwa watu waliomjua mama yake Saeed.

"Tumekwisha," Mahfoudh akasema. Akamwendea mama yake kwenye kiti cha dirishani, akachutama mbele yake. "Mama, unaweza kusema unaumwa. Kwa umri wako hakuna atakayekulaumu."

"Naumwa nini?"

"Chochote."

"Sina chochote. Nnataka hina ya miguu, na nnataka Nasriya anitafutie soksi. Huko mahakamani wanasema kuna baridi ya kuua."

Na kweli baridi ilikuwepo. Bi Khole aliingia akiwa amevaa kanga mbili chini ya buibui, ameshikwa mkono na Jumana. Jaji, mtu wa makamo mwenye miwani, akamuuliza kwa upole kama atatoa ushahidi kwa Kiarabu.

"Kiarabu nnakijua, cha sokoni na cha ibada," alijibu. "Lakini mambo ya nyumbani nnayasema kwa Kiswahili, yasije yakapungua chumvi."

Akaletwa mkalimani, kijana mwembamba aliyekuwa akijifuta jasho katika baridi ile ile. Wakili wa Hamood akasimama.

"Saeed alikuwa mwana wa nani?"

"Wa Mbarouk na Reem."

"Mbarouk alikuwa wa Bani Zarhan?"

Mahfoudh akafumba macho. Bi Khole hakukawia hata kidogo.

"Hakuwa."

Watu wakanong'onezana. Hamood akajiegemeza kwenye kiti chake.

"Alikuwa kabila gani?"

"Hata Reem hakumuuliza. Alikuwa kijana mzuri wa sura, maswali yakamruka."

Jaji aliinamisha uso na kuficha mdomo kwa mkono, na mkalimani alikuwa bado hajasema neno. Bi Khole akamwona jaji anacheka.

"Ehee! Huyu anajua Kiswahili huyu!"

Mkalimani akababaika, hajui kama hilo nalo atalitafsiri au ataliacha. Jaji akavua miwani, akaifuta. "Mama yangu kazaliwa Bujumbura," alisema kwa Kiswahili, kisha akavaa miwani na kurudi kwenye Kiarabu na kwenye ujaji wake. "Endeleeni."

Wakili wa Hamood hakuwa na haja ya kuendelea sana. Aliinua ile hati. Ilikuwa ya mgawanyo wa mirathi ya mzee Yaqdhan Al-Zarhani, ya karibu miaka tisini nyuma. Ndani yake limo jina la binti, Reem, na pembeni maneno madogo: mama wa Saeed, yuko Zanzibar. "Basi wao wenyewe wamekiri na hati imesema," alimalizia. "Jina hili limewafikia kwa mwanamke. Kabila halipiti kwa mwanamke."

Akaketi. Mahfoudh alihisi kila jicho liko shingoni mwake. Alitaka kutoka, na pengine angetoka, lakini Khulood alikuwa ameshasimama. Nakala ya hati ile alikuwa ameisoma mpaka macho yakamuuma, na swali alilokuja nalo lilikuwa fupi.

"Bibi, mkweo alipata kukuhadithia habari za Sarim?"

Uso wa Bi Khole ukabadilika. "Kunihadithia? Kila tukichambua mchele. Alikuwa na mitende yake huko, aliachiwa na babaake, na akiitaja kwa aina za tende zake kama mtu anayetaja watoto. Mpaka nami ikaniingia kichwani. Khunaizi mbili za kisimani. Fardh tatu za njiani. Naghal moja, iliyokuwa ikiiva kabla ya zote. Mabsli mbili za ukutani." Akahesabu, midomo ikitembea. "Na Khasab moja iliyopinda. Tisa."

Jaji alikuwa ameiweka hati mbele yake, na kidole chake kilikuwa kikishuka mstari kwa mstari kadiri mkalimani alivyotafsiri. Mwisho wa mstari kikasimama.

"Imeandikwa," alisema taratibu. "Khasab moja, iliyopinda."

Jumana alimshika baba yake kifundo cha mkono.

"Mheshimiwa," Khulood akasema, "mitende hiyo imeandikwa mbele ya jina la Reem kwa sababu ndiyo fungu lake. Mitende hiyo na kipande cha pwani inaposimama. Hati hii wameileta wapinzani wetu wenyewe, na nawashukuru. Sasa naomba kisomwe kifungu cha nne cha mapatano ya kampuni."

Kikasomwa. Nafasi sita zimetengwa kwa ajili ya kizazi cha waliokuwa na milki katika ardhi ya Sarim. Neno kabila lilikuwa kwenye tangazo la kazi na kwenye midomo ya watu. Kwenye mapatano halikuwemo.

"Binti anarithi," Khulood akasema, "na wanawe wanamrithi. Hilo hatukulizua sisi."

Wakili wa Hamood akaomba arudishiwe hati yake aitazame tena. Jaji akamwambia ataitazama hapo ilipo.

Hukumu ilitoka baada ya wiki mbili. Jaji aliisoma kwa sauti ya kawaida, kama anasoma orodha ya dawa. Mahakama haikuombwa kumtafutia mtu kabila, na haitamtafutia. Mahakama imeulizwa kama mwombaji ni katika kizazi cha wenye milki ya Sarim, na jibu ni ndiyo. Kampuni impokee kazini kwa nafasi aliyoishinda.

Nasriya alipiga kigelegele mle mle ndani, akatolewa nje na askari aliyekuwa akicheka mwenyewe. Wakaifuata sauti yake wote, Jumana analia, Khulood amekumbatiwa na watu asiowajua. Mahfoudh alitoka wa mwisho. Alisimama ukutani, na Hamood akaja akasimama karibu naye. Wakasimama bega kwa bega kama watu wanaosubiri lifti.

"Usinichukie," Hamood akasema. "Kijana amekaa nyumbani miaka miwili. Ukimwona asubuhi amelala, unatafuta pa kushika."

"Najua," Mahfoudh akamjibu. "Wangu alikaa mitatu."

"Hamood!" Bi Khole alikuwa ameketi kwenye benchi na anamwita kwa kidole, tena kwa Kiarabu safi kuliko kile alichokikiri mbele ya jaji. "Babu yako wewe ni nani?"

"Rashid bin Yaqdhan."

"Nduguye Reem?"

Katika mti wake Hamood hakuwa ameandika wanawake. Sasa alikuwa akihesabu kwa vidole, na kila kidole kilivyokunjwa ndivyo uso wake ulivyozidi kuiva.

"Basi shangazi wa baba yako ndiye mkwe wangu," Bi Khole akamsaidia. "Mume wangu na baba yako ni watoto wa ndugu. Mti wote umeupanda mpaka kileleni usituone, kumbe sisi ndilo tawi ulilokalia! Njoo hapa."

Akaja. Akainama na kilemba chake, akambusu kichwani, na Bi Khole akamshika sikio, si kwa nguvu, akalitikisa kama la mtoto wa chuo cha Kurani. Watu waliokuwa wakisubiri kesi zao wakacheka. Hamood akacheka pia, kwanza kwa aibu, kisha kwa tumbo zima.

Pembeni, Taimur, yule kijana mwenyewe, alimsogelea Jumana. Alikuwa mrefu, mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua la baharini.

"Dada, umeniokoa," alimnong'oneza.

"Nimekuokoa na nini?"

"Na maabara! Mie nataka boti ya kuwapeleka wageni kupiga mbizi, pale Qantab. Baba hataki kusikia."

"Mwambie leo," Jumana akasema. "Leo hana pa kuanzia."

Na Taimur akamwambia baba yake pale pale, mbele ya Bi Khole, ambaye alitaka kujua kama kwenye boti hiyo kutakuwa na kivuli cha mtu mzima kukalia. Hamood alitazama dari ya mahakama muda mrefu. "Tutazungumza," alisema, na kwa jinsi Taimur alivyoruka ilionekana kwamba hajapata kupewa jibu zuri kama hilo.

Jumapili iliyofuata Mahfoudh ndiye aliyempeleka binti yake kazini. Jumana anajua kuendesha na gari analo la kuazima, lakini baba alikuwa ameshakaa kwenye usukani tangu alfajiri. Waliipita njia ya Qantab, wakashuka mpaka ghubani, na Sarim ikatokea mbele yao: mabomba, matangi meupe, na bahari nyuma yake. Mitende haikuwepo hata mmoja. Mahfoudh alitafuta kwa macho huku na huku, kisha akaacha, akatabasamu peke yake.

Langoni palikuwa na foleni ya magari. Mlinzi kijana, ubao wa karatasi mkononi, akainama dirishani.

"Mfanyakazi mpya? Jina?"

Jumana alifungua mdomo, lakini baba yake alikuwa ameshatoa kichwa nje.

"Andika. Jumana bint Mahfoudh bin Saeed, Saeed wa Mbarouk na Reem bint Yaqdhan Al-Zarhani."

Mlinzi aliinua kalamu. "Mzee, mie nahitaji jina lake na la baba tu. Nafasi yenyewe hii hapa, ndogo."

"Geuza karatasi, nyuma kuna nafasi."

Gari la nyuma likapiga honi, na la nyuma yake likaitikia. "Baba, nitachelewa," Jumana akasema huku anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mahfoudh, ambaye maishani mwake hakupata kumchelewesha mtu barabarani, akazima gari.

"Saeed," alianza upya, pole pole, ili kijana aandike vizuri, "wa Mbarouk na Reem."